Tambuu Siku ya Mtihani

Nina tabia mbaya ya kucheka pasipofaa. Nimewahi kucheka matangani, nikatolewa nje nikiwa nimejifunika uso kwa shuka ili waombolezaji wadhani nalia. Na nilicheka siku Bwana Shamba alipoinama juu ya gilasi yangu, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena, kisha akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. Siku hiyo mke alikuwa akiniponyoka mbele ya macho yangu, nami nacheka.

Nianze na kazi niliyokuwa nayo, maana watu wengi nikiwaeleza hudhani natunga. Miaka ya hamsini, nilipokuwa kijana, wakulima wa huku chini kwenye mdomo wa mto Tana walikuwa wakifungua mashamba mapya ya mpunga karibu na mikoko. Udongo wa mikoko ukiwa majini huonekana mzuri, mweusi, mnono. Ukikauka tu, unageuka kuwa mchachu, na miche ya mpunga inageuka rangi ya manjano na kukauka ncha. Kwa hiyo serikali ikajenga kibanda pale Garsen, cha miti na udongo na paa la mabati, wakulima wakawa wanaleta magunia ya udongo wao humo ili upimwe, wajue kila shamba linataka chokaa kiasi gani ili uchachu utulie.

Mpimaji nilikuwa mimi. Yaani, nilikuwa mpimaji wa kujaribiwa. Mpimaji hasa alikuwa Mwalimu, Mpokomo wa Golbanti aliyesomea misheni, mtu mwembamba wa suruali kaptura iliyopigwa pasi hata kama hakuna aliyetarajiwa kuja. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba uchachu una ngazi, kuanzia sufuri hadi kumi na nne, na ngazi hiyo inaitwa pH. Ndimu iko chini kwenye mbili. Maji safi yamekaa kati, penye saba. Chokaa iko juu huko, kumi na mbili, inaangalia wengine kwa dharau. Ukitaka kujua kitu kiko ngazi gani, unatia matone ya dawa ya rangi, na dawa inakuambia: nyekundu kwa kilicho kikali, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, kisha kijani penye saba, kisha buluu, kisha zambarau. Kadi yenye rangi hizo zote ilitundikwa msumarini, nami niliipenda kuliko picha yoyote niliyopata kuona.

Kazi ilikwenda hivi. Unaukoroga udongo kwenye maji ya mvua, unauacha utuame, unayachuja. Maji yale ya udongo unayavuta kwa pipeti, yaani mrija wa kioo wenye alama, na unavuta kwa mdomo, hakukuwa na njia nyingine. Unayatia kwenye gilasi pamoja na dawa ya rangi. Juu ya gilasi kuna bureti, mrija mrefu uliosimamishwa kwenye chuma, umejaa maji ya chokaa na una bomba dogo chini. Unafungua bomba kidogo, chokaa inadondoka, unatikisa gilasi, unaitazama rangi, unaandika pH, unadondosha tena. Ukimaliza unachora mstari kwenye karatasi ya miraba.

Na mstari huo ndio ulionitia wazimu. Mwanzo unapanda polepole, kwa uvivu kabisa. Unadondosha, unadondosha, rangi ni ile ile ya chungwa. Unadhani hakuna kinachotokea. Halafu tone moja tu linaanguka na gilasi nzima inaruka, kutoka manjano mpaka buluu, kijani kimepita hukukiona. Wiki za mwanzo nilikuwa nakikosa kijani kila mara. Mwalimu akanionyesha kwamba ukikaribia pale huachii tone zima. Unaliacha lining'inie nusu kwenye ncha ya bureti, unaligusisha ukingoni mwa gilasi, unalisukuma ndani kwa maji kidogo ya mvua. Siku nilipokipata kijani mara ya kwanza nilitoka mbio nje na gilasi mkononi. Waorma waliokuwa wamesimama na ng'ombe wao wakingoja kuvuka mto wakadhani kuna nyoka ndani, wakanyanyua mikuki. Nikawaonyesha maji ya kijani. Wakayatazama, wakanitazama mimi, wakarudi kwa ng'ombe wao.

Baada ya hapo sikushikika. Nilipima kila kitu. Nilipima maziwa lala ya mama mmoja aliyekuwa akipita na kibuyu, nikapima maji ya jivu la jikoni, nikapima ukwaju, nikapima chai ya hoteli ya Msomali pale kivukoni, naye akaniuliza kama imezidi sukari. Nilipima maji ya mto yakiwa mekundu na nikayapima yakiwa yametulia. Jioni nilikuwa nakwenda kulala nikiziona rangi machoni. Mwalimu alisema hajapata kuona mtu aliyelewa bila kunywa.

Kulewa kwangu kulikuwa na sababu ya pili, nayo iliishi Kipini.

Alikuwa binti wa jirani yetu. Nilimjua tangu tukiwa wadogo tukigombania kisima, na nilipokuwa na akili ya kujua ninachokitaka, nilikuwa namtaka yeye. Yeye pia alinitaka, alinitumia salamu kwa dada yangu zisizokuwa na maana mbili. Wazee wangu wakapeleka posa. Baba yake alikuwa mkulima wa tambuu, na uani kwake majani yake mabichi yamepanda juu ya vijiti kama mapazia. Mzee yule alizisikiliza posa hadi mwisho, kisha akauliza nafanya kazi gani. Wakamwambia napima udongo. Akauliza naupima kwa kitu gani. Wakamwambia kwa kudondosha maji kwenye gilasi. Mzee akasema kwamba yeye hana neno na ukoo wetu, ila binti yake hatamwozesha mtu adondoshaye maji. Serikali ikinipa kazi hiyo kweli kweli, na yeye mwenyewe akaiona kwa macho yake ni kazi ya mtu mzima, basi watu waje tena. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina. Nikipita mlangoni pake Kipini akisema, "Ah, kijana wa maji."

Kwa hiyo mambo yote mawili yalifungwa kamba moja. Bwana Shamba alikuwa aje kutoka Malindi kunitahini. Angenipa maji ya udongo, nami ningeyapima mara tatu mbele yake. Vipimo vitatu vikikubaliana, kazi ni yangu. Vikipishana, ningefunga virago. Na kama nilikuwa nafunga virago, ningevifungulia wapi? Nirudi Kipini nikae mkabala na mlango wa mzee nimwangalie akimwozesha mwingine.

Sikumwalika mzee. Nani angemwalika? Lakini Kipini siri haikai, na siku moja kabla ya mtihani alifika Garsen. Alikuja kwa mtumbwi hadi Kau, kutoka Kau hadi Golbanti, kisha akapata lori la mchele. Asubuhi yake alitokea mlangoni mwa kibanda, kanzu nyeupe, kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, bakora, na mfukoni kijaluba chake cha shaba cha kuwekea tambuu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akakitazama kibanda juu na chini, akaitazama bureti.

"Ndiyo hini kazi?" akauliza.

Nikasema ndiyo, baba. Akavuta kasha la mbao akaketi, bakora katikati ya magoti, akasema nisimjali, niendelee. Sikuwa na cha kuendelea nacho, Bwana Shamba hajafika. Nikapangusa gilasi safi. Nikapangusa tena. Mwalimu alikuwa pembeni akichuja maji ya udongo na midomo yake imebana; yeye hakupenda watu ndani ya kibanda chake, na zaidi hakupenda tambuu. Siku zote alinikataza. Alikuwa akisema kinywa cha mpimaji ni chombo cha kazi kama pipeti, kioshwe kama pipeti.

Ndipo mzee akafungua kijaluba. Akatoa jani, akalifuta kwenye paja. Akatoa kikopo cha chokaa, akachovya kidole, akalipaka jani lile kwa ukarimu ambao niliuona wazi kutoka nilipokuwa. Akatia popoo, ile kokwa ngumu, iliyokatwakatwa, akatia katu kidogo ya kukoleza wekundu, akakunja pembe kwa pembe vizuri mno, kama anayefunga zawadi. Nikadhani anajitengenezea. Akanyoosha mkono.

"Haya. Kamata."

Sasa mtu wa bara hawezi kulielewa jambo hili, kwa hiyo nalieleza. Kwetu, mzee wa mwanamke unayemposa akikupa tambuu kwa mkono wake, unapokea na unaitia kinywani hapo hapo. Huweki mfukoni, husemi nitakula baadaye. Kuikataa ni kusema binti pia humtaki. Na huyu hakuwa amenipa hata kikombe cha maji tangu siku ya posa. Sijui hata leo kama alikuwa ananipima au alikuwa amelainika kidogo. Nilijua tu kwamba mkono umenyooshwa, na kwamba ndani ya jani lile kuna chokaa, na kwamba baada ya muda mfupi kinywa hicho hicho kitavuta pipeti.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu, macho yamemtoka. Nikamtazama mzee. Mkono wake uko pale pale.

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaitia kinywani, nikatafuna.

Ilikuwa tambuu nzuri, sitasema uongo. Ilikuwa tambuu ya mtu anayeijua kazi yake, inachoma na kupoza kwa pamoja, na mate yakanijaa mekundu. Nilipokuwa katikati ya utamu huo nikasikia lori la Bwana Shamba likiteremka kivukoni. Nikaomba ruhusa nitoke haja. Nyuma ya kibanda nikatema, nikasukutua kwa maji ya mto, nikatema, nikasukutua tena mpaka nikadhani kinywa kimetakata. Ulimi ulikuwa bado unawaka. Niliporudi ndani Bwana Shamba alikuwa ameshavua kofia.

Alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo iliyoungua na jua, si mtu mbaya, Kiswahili chake cha kuokoteza njiani. Akamsalimia mzee kama samani, akanipa chupa ya maji ya udongo, akasema, "Anza."

Nikachukua pipeti. Kwa haraka niliyokuwa nayo nikavuta kwa nguvu mno. Maji yakapanda kupita alama, yakapanda mpaka juu, yakanigusa ulimi, yakarudi chini. Mwalimu akafumba macho. Nikayateremsha hadi kwenye alama, nikayatia kwenye gilasi, nikatia dawa ya rangi. Siku zote maji ya udongo wa mikoko yalianza na rangi ya chungwa iliyoelekea nyekundu. Safari hii yakaanza manjano. Nikajifanya sikuona. Nikafungua bureti, na kabla sijaanza hata kutikisa sawasawa, kijani kikapita mbio na buluu ikaketi.

"Haraka sana," akasema Bwana Shamba. Ndipo alipovaa na kuvua miwani, na ndipo nilipocheka. Nilijaribu kukigeuza kiwe kikohozi. Hakikugeuka.

Nilijua vizuri kilichotokea. Chokaa ya mzee ilikuwa imekwisha kufanya nusu ya kazi kabla ya bureti. Nikawaza kwa akili ya mtu aliyetoka kijasho: kama kinywa kina chokaa, dawa yake ndimu. Nikaomba ruhusa tena. Bwana Shamba akaniuliza kama naumwa tumbo. Nikasema kidogo. Nikakimbilia kwenye mndimu wa Mwalimu, nikachuma moja, nikaipasua kwa meno, nikaifyonza yote na kokwa zake. Nikarudi nimekunja uso, nikavuta mara ya pili, na kwa kuwa mate yalikuwa yakinibubujika kwa ule ukali, nayo yakateremka na pipeti. Nikayaona yakiteremka.

Mara ya pili haikutaka kwisha. Nikadondosha, nikadondosha, rangi imegoma kwenye chungwa. Bureti ikashuka, ikashuka. Bwana Shamba akaacha kusimama akaketi. Hatimaye rangi ikaruka, tena ikaruka mbali sana na pale iliporukia mwanzo. Alipochora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja ulipanda huku na mwingine kule, ungedhani udongo umetoka mashamba mawili yasiyojuana.

"Hii mbili hapana patana," akasema. "Sababu gani?"

Mwalimu, Mungu amrehemu, alinifungulia mlango. Akakohoa, akasema huenda chupa haikutikiswa vizuri na udongo umetuama chini. Ulikuwa uongo mdogo na wa huruma, kutoka kwa mtu ambaye sikupata kumsikia akidanganya hata kuhusu saa. Ningeweza kupita hapo. Lakini Bwana Shamba angetikisa chupa, angeniambia nianze upya kwa kinywa kile kile, na kama ningemwambia chupa ndiyo iliyokosa, basi ningekuwa mpimaji asiyejua anachokipima. Na kama ningesema ukweli, ukweli huo ulikuwa umeketi juu ya kasha na bakora katikati ya magoti. Kumwambia mzee wa Kipini, mkulima wa tambuu, mbele ya Mzungu, kwamba tambuu yake imeharibu mambo. Afadhali ningeikataa tangu mwanzo.

Nilihisi kicheko kinakuja tena. Nikakimeza, nikasema.

"Ni kinywa changu, bwana. Mara ya kwanza kilikuwa na chokaa ya tambuu. Mara ya pili kina ndimu. Nimevuta vibaya na mate yameingia."

Bwana Shamba hakuijua tambuu. Akauliza ni kitu gani na nimeitoa wapi. Nikasema mzee huyu amenipa kwa heshima, nami nimeipokea kwa heshima, na kosa ni la kuvuta kwangu. Nje ng'ombe walikuwa wakilia kungoja kuvuka.

Mzee akageuza shingo taratibu.

"Wasema chokaa yangu ndiyo iloharibu?"

"Ndiyo, baba."

Nilikuwa nimekwisha kujiona nikipakia virago. Kisha akainuka, akachukua gilasi safi kabisa mezani kwa Mwalimu, akatema ndani yake mate mekundu ya tambuu, mengi, akaiweka mbele yangu.

"Hebu onesha."

Mwalimu akatoa sauti kama aliyekanyaga mwiba. Mimi nilikuwa sina la kupoteza. Mate yenyewe yalikuwa mekundu mno, dawa isingeonekana, kwa hiyo nikayazimua kwa maji ya mvua, nikamwaga, nikazimua tena, mpaka yakabaki na wekundu wa mbali tu. Nikatia dawa ya rangi. Gilasi ikawa zambarau.

Nikachukua kadi kutoka msumarini nikaiweka kando yake. Mzee akainama. Bwana Shamba naye akainama, na Mwalimu kwa upande mwingine, wanaume watatu wamezunguka mate ya mmoja wao.

"Kinywa chako kiko huku juu, baba, karibu na chokaa yenyewe," nikamwambia. "Maji ya udongo yako huku chini. Vikikutana, vinatafuta kati."

Nikakamua ndimu nyingine ndani ya mrija wa pili, nikaanza kudondosha. Zambarau ikawa buluu. Buluu ikakaa, ikakaa. Nikapunguza, nikaacha nusu tone lining'inie, nikaligusisha ukingoni. Na kijani kikaja, kizuri, kimetulia, kijani kuliko chochote nilichowahi kukipata kwa udongo wa mtu yeyote. Nikadondosha mara moja tena, kikawa manjano.

"Rudisha," akasema mzee.

Nikatia maji ya chokaa, kijani kikarudi. Akasema rudisha tena. Nikampeleka manjano, nikamrudisha kijani, nikampeleka buluu. Sikumbuki ni nani aliyeanza kucheka. Ningependa kusema ni mimi, lakini nadhani ni mzee, kicheko chembamba cha puani ambacho sikukijua kuwa anacho. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kushikwa. Mzee akataka kinywa cha Mwalimu kipimwe. Mwalimu akakataa, akasema yeye hatafuni kitu, akasukumwa na Bwana Shamba mwenyewe, akatema kwa adabu nyuma ya kiganja. Kijani kitupu. Mzee akasema kinywa hicho hakijawahi kwenda popote. Bwana Shamba akatema chake, chenye chai na moshi wa kiko, kikawa cha manjano, akakitazama kwa masikitiko ya kweli. Waorma waliokuwa mlangoni wakakumbuka maji yangu ya kijani ya zamani, wakaingiza kibuyu cha maziwa lala, nikayapima, yakawa chungwa, wakashangilia kana kwamba ng'ombe wao ameshinda mbio. Mimi nilikuwa nacheka mpaka nimeshika meza. Machozi yalinitoka, na mzee akauliza machozi nayo yako ngazi gani, nikayapima na hayo.

Sijapata kuwa na furaha ya namna ile. Kazi ilikuwa imepotea, mke pengine amepotea, na kifuani mwangu hakuna hata chembe ya huzuni, kila kitu duniani kinageuka rangi mbele yangu kwa nusu tone.

Bwana Shamba ndiye aliyeturudisha. Akapangusa macho, akagonga meza kwa kalamu, akasema mtihani haujaisha. Mwalimu akanitoa nje, akanisukutua mwenyewe kwa maji ya mvua, si ya mto, akanisimamia kama anayeogesha mtoto, akanipima mate, akanisukutua tena, mpaka yakatoka kijani kama yake. Kisha nikaingia. Nikavuta polepole hadi kwenye alama, nikaziba kwa kidole, nikateremsha bila kupuliza. Rangi ikaanza pale inapoanzia siku zote. Nilidondosha kwa subira ambayo sikuijua kuwa ninayo, na nilipofika penye nusu tone, nikasikia mzee nyuma yangu ameacha kupumua. Kijani. Nikarudia. Kijani, pale pale. Bwana Shamba akasema mara moja zaidi. Pale pale.

Akaichora mistari yote kwenye karatasi. Miwili ya kwanza imepotea njia, mmoja kushoto, mmoja kulia. Mitatu ya mwisho imelaliana mpaka inaonekana mmoja uliokolezwa wino. Akakaa akiitazama. Kisha akaweka kidole juu ya ile iliyopotea.

"Mtu anajua sababu ya makosa yake, huyo mimi nataka," akasema. "Kazi yako. Lakini tambuu, hapana."

Nikasema asante, bwana, nikaanza kuosha vyombo, maana mikono yangu ilihitaji kufanya kitu. Nilikuwa nimeshika pipeti chini ya birika. Sikuthubutu kugeuka. Kazi nimeipata, sawa, nusu ya sharti. Nusu iliyobaki ilikuwa nyuma yangu imevaa kofia ya vito, na nilikuwa nimeiaibisha mchana kweupe, nimezimua mate yake mbele ya Waorma.

Bwana Shamba alikuwa akivaa kofia yake. Ni kama ndipo alipokumbuka kwamba kibandani kuna mtu ambaye hakuwa wa serikali, wala mkulima wa mpunga, wala mgonjwa, na ambaye alikuwa ameketi pale tangu asubuhi kama mwenyewe.

"Na wewe, mzee," akauliza. "Wewe nani? Nafanya nini hapa?"

Nikasikia kijaluba kikifungwa. Nikasikia bakora ikigonga sakafu, na mzee akiinuka, akijinyoosha kanzu.

"Mimi?" akasema. "Nimekuya kumtizama mkwe wangu akifanya kazi."

Pipeti ikaniponyoka, ikavunjika vipande vipande miguuni pangu. Na Mwalimu, ambaye kwa gilasi iliyopata ufa tu angekununia wiki nzima, akachukua ufagio akafagia mwenyewe.